Tulikuwapo, na letu halikuwapo

Daftari langu la mikutano lina kurasa 96. Jalada lake nimelivika kitenge kilichobaki nilipomaliza sare za kwaya, maana mimi ni fundi cherehani na kwangu kipande kinachobaki hakitupwi. Ndani yake yamo maombi yote ambayo kijiji chetu kimeipelekea serikali ya kaunti tangu nichaguliwe katibu wa kamati ya maji. Ombi la kwanza: pampu ya kisima itengenezwe. Mwaka uliofuata: pampu ya kisima itengenezwe. Mwaka wa tatu ni lile lile, ila safari hiyo tuliongeza hesabu ya kaya zinazokitegemea kisima hicho, tukidhani labda idadi ndiyo iliyokosekana.

Tukaletewa mulika mwizi.

Ni mlingoti mrefu wenye taa nne kichwani, umesimikwa sokoni hatua chache kutoka kibanda changu. Sina ugomvi na mwanga. Wauza samaki wa kukaanga sasa wanafanya biashara mpaka saa tatu usiku, nami mwenyewe nimewahi kumalizia mshono chini ya taa hizo umeme ulipopotea kibandani. Lakini alfajiri moja nilikuwa nikimpelekea mteja nguo ya arusi, nikapita kwenye bomba la mtu binafsi ambako kina mama hununua maji siku hizi. Mitungi ya njano ya lita 20 ilikuwa imepangwa mstari mrefu, mitupu yote, na kamba ya mkonge imepitishwa kwenye mikono yake asije mtu akaruka zamu. Wenyewe walikuwa wamelala kando juu ya leso zao. Mwanga ulikuwa mkali kiasi kwamba niliweza kusoma majina yaliyoandikwa kwa rangi ubavuni mwa kila mtungi. Langu lilikuwa la kumi na nne.

Nani aliyeomba taa? Nimefunua daftari ukurasa kwa ukurasa, haimo. Mzee wa kijiji hakuiomba. Kamati ya soko iliomba choo.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na methali hiyo tunasomewa sana sisi watu wa mashambani. Mradi ukienda kombo, kiongozi husimama jukwaani akatuambia kwamba tuliitwa tukakataa kuja. Mimi nasema tulikuja. Tulikuwapo, na letu halikuwapo. Nataka nieleze hilo hutokeaje. Kaunti yangu sitaitaja wala wadi yangu, kwa sababu sitaki msomaji wa Busia au wa Isiolo aone ni habari za watu wa Pwani peke yao.

Tangazo la kikao cha bajeti lilitufikia Jumanne jioni. Lilikuwa limepigwa picha kutoka gazetini na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wadi, herufi zenyewe hazisomeki mpaka uvute picha kwa vidole viwili. Kikao kilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa makao makuu ya kaunti ndogo. Kutoka kwetu ni bodaboda shilingi 300 kwenda na 300 kurudi. Kwa mama anayeuza viazi karai, hiyo ni faida ya siku mbili. Tulichanga, wakaenda watu saba. Mmoja wetu hutembea kwa magongo, na ukumbi uko ghorofani, kwa hiyo vijana wawili wa bodaboda walimpandisha ngazi wakiwa wamemshika kwapani. Alikuja kuzungumzia njia ya kiti cha magurudumu kwenye zahanati.

Kikao kilianza saa tano na nusu. Mezani palikuwa na nakala moja ya makadirio ya bajeti, kitabu kinene cha Kiingereza, majedwali juu ya majedwali. Afisa aliyarusha ukutani kwa projekta, tarakimu ndogo kama mbegu za mchicha, akageuza kurasa mpaka nikaacha kujaribu kunakili. Kisha kila wadi ikapewa dakika kumi. Nilisimama nikasoma ombi letu. Afisa akajibu kwa adabu, “Asante sana mama, tumelichukua.” Kabla sijaketi, bibi mmoja wa kijiji cha jirani akainua mkono bila kungoja kuitwa. “Mwanangu,” akamwambia, “na yale ya mwaka jana uliyoyachukua, uliyapeleka wapi?” Watu walipiga makofi. Afisa akasema muda umekwisha.

Tukatia saini orodha ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu. Tukapewa soda na mkate, tukarudi. Ile orodha ndiyo inayowekwa kwenye faili kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa, na saini yangu imo. Jambo hilo linaniuma kuliko pampu yenyewe. Saini yangu imegeuzwa ushahidi kwamba nilikubali nisichokijua.

Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini tulikuwa tukizungumza na watu walioonekana wameshaamua. Jibu nililikuta kwenye kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka serikali ya kaunti ifikishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla Septemba 1 haijapita. Kufikia Februari 28 unapelekwa waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaosema kila idara itapata kiasi gani. Makadirio yenyewe yanafika bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Sisi tuliitwa Mei. Mwezi Mei pampu haiwezi kuingia mpaka kitu kingine kitoke, na hakuna aliyekwenda kwenye ukumbi ule kukitoa chake. Ugali umeshasongwa, ndipo tunaulizwa kuhusu unga.

Mazungumzo ya pampu mahali pake ni Julai na Agosti, kabla mpango wa mwaka haujaandikwa, na si ukumbini ghorofani. Ni kijijini, mbele ya kisima, mahali ambapo afisa angeushika mkono wa pampu mwenyewe akaona unavyopanda na kushuka bila kuleta tone. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: kijijini kwetu serikali ya kaunti ni nani?

Si mtu. Hayupo.

Nilinunua nakala ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kwenye duka la kutoa kopi mjini, nikaisoma polepole, jioni hadi jioni. Kifungu cha 48 kinaushusha utawala kutoka kaunti hadi kaunti ndogo, kutoka hapo hadi wadi, kisha hadi kijiji. Kifungu cha 53 kinaeleza baraza la kijiji: msimamizi wa kijiji ndiye mwenyekiti, pamoja na wazee wasiopungua 3 wala kuzidi 5, wanaoteuliwa na kijiji chenyewe kwa ushindani na kuidhinishwa na bunge la kaunti, huku wanawake na wanaume wakizingatiwa. Kazi ya baraza hilo ni kuratibu ushiriki wa wakazi katika utawala, kufuatilia jinsi sera zinavyotekelezwa kijijini, na kumshauri msimamizi wa wadi na wa kaunti ndogo. Nyuma ya sheria hiyo iko Katiba ya 2010. Ibara ya 176 inaiambia kila kaunti igatue kazi zake kadiri inavyofaa na inavyowezekana, na Jedwali la Nne linaifanya kazi ya kuwashirikisha wananchi mashinani kuwa jukumu la kaunti, sawasawa na zahanati na barabara za mashambani.

Sheria hiyo ilipopitishwa binti yangu alikuwa darasa la kwanza. Amemaliza sekondari, na kijiji chetu hakijapata baraza. Kaunti chache zimeteua wasimamizi wa vijiji. Nyingine zimeishia wadini, na yetu ni mojawapo. Nchi nzima ina wadi 1,450. Yetu ina msimamizi mmoja, ofisi yake ni chumba cha kukodi karibu na mashine ya kusaga unga, na mashine ikinguruma lazima mpaze sauti. Ni kijana mwema. Nimemwona akitia mafuta ya pikipiki kwa pesa yake mwenyewe ili afike kijiji kilichokumbwa na kipindupindu. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa sikio la vijiji vyote hivyo, na anapoandika ripoti kwamba wananchi wanataka taa sokoni, huenda anaandika alichoambiwa na wale watano wanaoketi karibu na ofisi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mijini hawalioni kwa urahisi. Serikali ya kitaifa ipo kijijini kwetu. Chifu yupo, naibu wake yupo, na chini yao kuna mzee wa kijiji ambaye hufanya kazi usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, kwa shukrani tu. Mbuzi akiibwa, kila mtu anajua mlango wa kubisha. Mume akimpiga mkewe, mlango unajulikana. Lakini maji ni kazi ya kaunti, chekechea ni kazi ya kaunti, zahanati ni kazi ya kaunti, na kwa hayo hakuna mlango. Kwa hiyo watu humpelekea mzee wa kijiji, naye humpelekea chifu, chifu husema hilo si langu, na ombi hufia hapo. Utawala ambao ugatuzi ulikuja kuukamilisha ndio bado ulio karibu nasi, na ule uliotakiwa kuwa wetu ndio ulio mbali, shilingi 300 kwa bodaboda.

Wifi yangu anaishi Makueni, naye ndiye aliyenifumbua macho. Kule, chini ya gavana wa kwanza, Kivutha Kibwana, aliyeongoza tangu 2013 hadi 2022, kaunti ilijenga ngazi za mikutano zinazoanzia kijijini. Kijiji kinakaa, kinapanga mahitaji yake kwa uzito, kinachagua watu wake wa kuyapeleka kwenye kundi la vijiji, kisha yanapanda hadi wadi, kaunti ndogo na kaunti. Mradi ukishapitishwa, wakazi wanachagua kamati ya kuusimamia, na mwanakandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie saini kwamba kazi imefanywa. Wifi yangu alikuwa kwenye kamati ya aina hiyo, ya ujenzi wa darasa la chekechea. Alinieleza walivyokuwa wakihesabu mifuko ya saruji inaposhushwa, na jinsi alivyouzuia msingi usifukiwe kwa siku mbili kwa sababu kina chake kilipungua futi moja kuliko kilichoandikwa kwenye mkataba. Futi aliyopimia ni ile ya ushonaji, niliyomtumia mimi mwenyewe. Mwanakandarasi alikasirika, akapiga simu huku na huku, mwishowe akachimba.

Wakati mwingine nikisema habari za Makueni naambiwa kule siasa ilikuwa tulivu. Haikuwa tulivu hata kidogo. Mwaka 2014 gavana na bunge la kaunti walifarakana mpaka risasi zikafyatuliwa mjini Wote, watu wakapeleka ombi kaunti ivunjwe, na tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikapendekeza isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa mwaka 2015, kaunti ikabaki. Mfumo wa mikutano ya vijiji ulijengwa katikati ya moshi huo. Sisemi Makueni ni pepo. Ninasema kijiji cha kule kina mahali pa kusimama wakubwa wanapogombana, na cha kwetu hakina.

Wala mtu asidhani tangazo la gazeti lilishakidhi sheria. Mwaka 2013 Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha, ikaongeza ada na ushuru, na watu wakaenda mahakamani. Aprili 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta sheria hiyo, akisema kushirikishwa kwa umma lazima kuwe kwa kweli, na kwamba kaunti ilipaswa kuwafikia watu kwenye mabaraza, makanisani, misikitini na kwa redio za lugha wanazozielewa. Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye mwaka 2017. Ninapowaza hukumu ile nakumbuka tangazo letu la Jumanne jioni, lile la kuvuta kwa vidole viwili.

Na hiyo lugha wanayoielewa watu, kwetu ni Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba inakiita lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni kinachoizuia kaunti kuandika kurasa nne za Kiswahili kwa kila wadi: mradi gani, wapi, shilingi ngapi, nani aliuomba, utaanza lini. Kurasa nne. Zibandikwe mlangoni mwa zahanati, msikitini, kanisani na kwenye duka la M-Pesa. Mimi binafsi ningezisoma kwa sauti sokoni Jumamosi, kina mama wakinisikiliza huku wakichambua mchicha. Safu ninayoitaka zaidi ni ile ya nani aliuomba. Ukilazimika kuandika jina la kijiji na tarehe ya mkutano kando ya kila mulika mwizi, taa nyingi zitakosa mwenyewe.

Wanaopinga mabaraza ya vijiji huleta hoja ya pesa, na si hoja ya kupuuzwa. Kanuni za fedha za kaunti haziruhusu mishahara kuzidi asilimia 35 ya mapato, na kaunti nyingi zimeshavuka mpaka huo. Lakini wazee wa baraza si waajiriwa wa kudumu. Sheria inawapa posho ambayo bunge la kaunti lenyewe ndilo linaloikadiria. Na mgao wa fedha kwa kaunti zote 47, uliokuwa shilingi bilioni 190 mwaka wa fedha wa 2013/14, umefika bilioni 415 mwaka wa 2025/26. Katika pesa hizo zote, inakuwaje posho ya wazee wanne wa kijiji ndiyo inayokosa nafasi? Naamini kizuizi kikubwa kiko kwingine. Mwakilishi wadi anaona baraza la kijiji litamzalia wapinzani. Anahofu mzee atakayejulikana kwa kufuatilia kisima leo atasimama dhidi yake uchaguzi ujao. Huenda akasimama. Na kama kisima kitakuwa kimetoa maji, mwakilishi atakuwa na la kujivunia pia.

Ninachokidai kwa uchungu zaidi, hata kabla ya hilo baraza, ni jibu. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa maandishi, na cha 89 kinaitaka kaunti ijibu bila kuchelewa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu mtu aliyeomba taarifa. Niliandika barua kuuliza jinsi taa ilivyopitishwa. Siku 21 zilipita, zikapita nyingine 21. Nilirudi kuuliza, nikaambiwa barua iko kwa mkubwa. Ningeridhika hata na jibu la hapana. Kijiji kikiambiwa pampu haiwezekani mwaka huu kwa sababu fedha zimekwenda kwenye wodi ya wazazi, watu wataguna, kisha wataelewa, maana hata wao huamua kila siku kati ya ada na unga. Kinachowavunja moyo ni kimya. Mwaka wa kwanza tulikwenda watu saba. Mwaka jana tulikuwa watatu, na yule ndugu wa magongo hakuwa miongoni mwetu. Nilipomfuata nyumbani aliniambia, “Dada, mimi nimeshapandishwa ngazi zile mara mbili. Inatosha.”

Sikuwa na la kumjibu, na sikumbembeleza.

Kwa hiyo mwaka huu tumefanya kinyume. Hatukungoja tangazo. Kikao cha kwanza tumejiitishia wenyewe, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, chini ya mwembe ulio nyuma ya kisima, mahali ambapo magongo yanafika. Mzee wa kijiji amekubali kuwa mwenyekiti, na chifu amesema hana kipingamizi. Hatutaanza kwa kuandika ombi jipya. Tutaanza kwa kusoma yale matatu ya zamani, moja moja, na baada ya kila moja tutampa nafasi ya kujibu yeyote atakayekuwa ametumwa na kaunti. Tumemwalika mwakilishi wadi na msimamizi wa wadi. Barua zote mbili nimezipeleka kwa mkono, nikasimama pale mpaka zikapigwa muhuri, na nakala zake nimezibandika kwenye daftari, ukurasa wa 41.